UZI: Haiku moja kila siku, majira ya machipuko, kwa Kiswahili. Karibuni tujadili, na anayeweza atunge

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda. Niko Matsuyama, mji wa kisiwa cha Shikoku, Japani. Tangu Februari nimejipa kazi ndogo: kila siku haiku moja, kwa Kiswahili, iwe nzuri iwe mbovu. Kila nikimweleza mtu nyumbani ananiuliza "sasa hiyo inakusaidia nini?", na jibu langu ni refu kuliko salio la simu. Ndiyo maana nimelileta huku.

Kwa asiyejua, haiku ni shairi la Kijapani la mizani 17: tano, saba, tano. Ndani yake mna neno la majira, wenyewe wanaliita kigo, na mna mkato, yaani mahali shairi linapokatika vipande viwili na msomaji akaachiwa pengo aliruke mwenyewe. Basi. Hakuna vina, hakuna kibwagizo, hakuna ubeti wa pili.

Mji huu ni kwao haiku. Masaoka Shiki alizaliwa hapa mwaka 1867. Kabla yake mistari hiyo mitatu ilikuwa ubeti wa kufungulia tungo ndefu za kupokezana, na ingawa tangu enzi za Bashō, mshairi mkubwa wa karne ya 17, watu walikuwa wakiisoma peke yake, ni Shiki aliyesema rasmi kwamba inasimama bila mkia, akaipa jina la haiku. Alifariki 1902, ana miaka 34, kifua kikuu kimeshamla mpaka uti wa mgongo. Leo ukitembea mjini unakutana na visanduku kama vya posta, vya kutumbukizia haiku. Cha kwanza kiliwekwa kwenye ngome iliyo juu ya kilima mwaka 1968. Unaandika kikaratasi, unatumbukiza, waamuzi wanasoma. Nami nimewahi kutumbukiza cha Kiswahili. Sijui aliyekifungua alifanya uso gani.

Sasa raha yenyewe iko wapi?

Watu wengi wanadhani raha ni kutunga kitu kizuri. Hapana. Nyingi ya haiku zangu hazifai hata kumsomea paka. Raha ni kwamba jioni unadaiwa, na deni lenyewe halilipwi kwa hisia, linalipwa kwa kitu ulichokiona leo. Huwezi kulipa na cha jana. Kwa hiyo asubuhi ukitoka mlangoni macho yako yanakuwa kama ya mtu aliyeangusha funguo njiani.

Na ukitaka kuanza, anza majira ya machipuko, kwa sababu huku ndipo kila siku inapokuja na chake. Wajapani wana vitabu vinavyoitwa saijiki, ni kama kamusi ya majira: kila neno la msimu, maelezo yake na haiku za mfano. Katika saijiki, machipuko huanza takriban tarehe 4 Februari, theluji bado ipo, na kwisha takriban tarehe 5 Mei. Mwanzo nilicheka. Februari hapa unavaa nguo tatu, halafu unaambiwa machipuko yameanza! Lakini ndiyo akili yake: kitabu kinakutuma ukatafute dalili kabla hazijawa dhahiri. Ukaangalie mplamu ulioanza kutoa ua wakati miti mingine imekufa ganzi. Ukasikilize ule upepo mkali wa kwanza wa kusini, nao una jina lake. Mwanzoni mwa Machi kuna kipindi kizima kilichopewa jina la wadudu kuamka ardhini.

Na si maua tu. Humo ndani kuna chura, kuna mbayuwayu, kuna kuokota chaza maji yakitoka, kuna mapovu ya sabuni, kuna bembea. Ndiyo, bembea ni neno la machipuko. Kuna mapenzi ya paka, wale wanaolia usiku kucha juu ya mabati. Siku hizi hata chafya za chavua za mierezi zimo. Kuna usemi ninaoupenda kuliko yote: machipuko mlima *unacheka*. Kiangazi unadondoka maji, vuli unavaa, baridi unalala. Asili yake ni maneno ya mchoraji wa China wa karne ya 11, Guo Xi, na Wajapani wameyaweka ndani ya haiku mpaka leo.

Nawawekea chache za kwangu, mnipige mawe taratibu.

*Theluji bado —*
*mplamu wachanua*
*nyuma ya duka.*

*Mapenzi haya —*
*paka kaja, sikio*
*limechanika.*

*Kengele ndogo —*
*hujaji kanipita*
*kwenye daraja.*

Hiyo ya tatu inahitaji maelezo. Shikoku kuna ziara ya mahekalu 88, watu wanazunguka kisiwa kizima, wengine kwa miguu, wamevaa nyeupe, fimbo mkononi imefungwa kikengele. Hekalu la 51 liko hapahapa mjini. Mahujaji hao wanapita mwaka mzima, lakini katika haiku mahujaji ni neno la machipuko, maana ndipo njia inapojaa.

Karibuni.

#2 Kijiwe cha Kahawa

Ngoja niweke kambi hapa. Ile ya paka nimeielewa bila kamusi.

#3 Mzee wa Vina

Binti, hongera kwa juhudi, ila mimi nitasema ukweli. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotuwekea sheria za utunzi mwaka 1954 alituambia vina na mizani. Wewe umeleta mizani, vina umeviacha Japani. Mistari mitatu isiyo na kina wala fundisho, mimi naiita sentensi iliyovunjika.

#4 Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako naipokea nusu.

Vina kweli hamna, na sababu ni ya lugha yenyewe. Kijapani kina vokali tano kama sisi na maneno yake mengi yanaishia na vokali, kwa hiyo kina kinapatikana kirahisi mpaka hakina thamani. Najua utasema hata kwetu hali ni hiyohiyo na bado tunatunga vina. Sawa, ila wao walichagua kubana kwingine: kwenye hesabu, kwenye majira na kwenye mkato.

Na kwenye hesabu, mzee, utawapenda. Mizani zao zinafanana na zetu kuliko lugha nyingi ninazozijua. Sisi "mbwa" tunaihesabu mizani mbili, m-bwa, kwa sababu ile *m* inasimama peke yake. Wao *n* ya mwisho wa neno inasimama peke yake pia. Sisi "kaa" ni mbili, wao vokali ndefu ni mbili. Tokyo kwao ni mizani nne. Mzungu akitunga haiku anahangaika, silabi zake moja nene moja nyembamba, 17 zake zinabeba mzigo mkubwa mno. Mswahili anahesabu kwa vidole vilevile alivyofundishwa shuleni kwa utenzi, na mistari inakaa.

Kuhusu fundisho ndipo tutakapogombana. Nimeona Waswahili wengi, tukipewa mistari mitatu tu, ule wa mwisho tunautia methali. Hatuwezi kujizuia. Haiku inataka uishie kwenye kitu, si kwenye maana ya kitu. Ukishamwambia msomaji afikirie nini, pengo umeliziba kwa saruji.

#5 Mzee wa Vina

Marahaba. Nimekusikia. Sijakubali.

#6 Kando ya Rhine

Dada, mimi niko Bonn, Ujerumani. Mwezi wa nne hapa mji wa zamani, mtaa wa Heerstraße, micherry, ndiyo sakura ya Wajapani, inachanua pinki barabara nzima, watu wanatoka mbali kuja kupiga picha. Nimejaribu yangu ya kwanza:

*Uzuri gani!*
*Maua ya sakura —*
*moyo wacheka.*

Nimepatia?

#7 Mleta uzi

Mizani imekaa barabara, tano saba tano, majira yamo, na mkato upo. Ila hujaniambia umeona nini. "Uzuri gani" ni hukumu, "moyo wacheka" ni hukumu ya pili, na katikati umetaja maua ambayo kila mtu anayajua. Hata mimi wa Matsuyama ningeweza kuiandika bila kufika Bonn.

Jaribu hivi: rudi mtaani, uache kuangalia juu. Maua yameshaangaliwa na kila mtu. Angalia chini, angalia anayeishi pale mwaka mzima. Nani anafanya nini wakati wageni wanapiga picha?

Shiki alikuwa na neno kwa jambo hili, alilitoa kwa wachoraji: kuchora kitu kilivyo mbele yako. Mfano wake ninaoupenda kuliko wote ni wa 1893. Mwezi wa tatu, zile siku za kuzuru makaburi karibu na usiku na mchana kulingana, bado kuna baridi. Analalamika, mama yake anamjibu kama mama yeyote: kila mwaka ndivyo ilivyo, siku hizi zikiingia baridi huwepo. Akahesabu. Mizani 17. Akaiandika vilevile, na pembeni akaeleza kuwa maneno ya mama yamejigeuza shairi yenyewe. Hakuongeza kitu. Ile ni haiku ya mama, Shiki ni karani tu.

Baada ya kuisoma hiyo nilianza kusikiliza watu wanavyosema. Hii ilikuja Machi mwishoni:

*Mama kwa simu:*
*"Huko baridi bado?"*
*Sakura tele.*

#8 Kijiwe cha Kahawa

Hiyo ya mama kwa simu imenigusa kweli. Mama zetu wote wanauliza hilohilo, hata uwe Dubai.

Swali: unatunga peke yako chumbani au kuna kikundi? Na hawa mabingwa wa zamani nao walikuwa wanaandika kila siku, au ni mtindo wa siku hizi wa kujiwekea changamoto?

#9 Mleta uzi

Swali zuri, nianze na mabingwa. Kobayashi Issa (1763–1828) aliacha haiku karibu 20,000. Kuna daftari lake la kuanzia 1810 hadi 1818: siku, hali ya hewa, kilichotokea, na haiku humohumo. Mvua, jua, fulani kaja, haiku. Maisha yalimtenda vibaya, alizika watoto wake wadogo mmoja baada ya mwingine, lakini macho yake hayakuacha kuona vidogo. Ile yake maarufu ya machipuko anamwambia kinda la shomoro apishe, apishe, bwana farasi anapita. Ukiisoma unasikia kabisa mtu anaongea na ndege barabarani. Huyu Issa alifika hapa Matsuyama pia, mwaka 1795, kwa rafiki yake mshairi.

Na kuna Richard Wright, mwandishi Mweusi wa Marekani aliyehamia Ufaransa. Miezi yake ya mwisho, anaumwa, alitunga haiku karibu 4,000, akihesabu silabi kwa vidole. Binti yake ameeleza kuwa alikuwa akizining'iniza karatasi hizo kwenye vyuma ndani ya chumba chake kidogo Paris, kama nguo zilizofuliwa. Alifariki Novemba 1960. Mtu aliyeandika riwaya nzito za hasira na ubaguzi, mwishoni yuko na mvua, paka na miti. Mimi hilo sioni kama kukimbia. Naona alikuwa bado anafanya kazi, kwa kipimo ambacho mwili wake uliweza kubeba.

Kikundi kipo. Kinaitwa kukai, kinakutana ukumbi wa mtaa, wengi ni wazee waliostaafu, mimi ndiye mtoto na mgeni. Natafsiri zangu kwa Kijapani changu cha kuokoteza. Utaratibu wake nitaueleza vizuri kwa sababu ni mtamu:

Kila mtu anaandika haiku zake kwenye vikaratasi, moja kwa kikaratasi, bila jina. Vinachanganywa kama karata, vinagawiwa upya. Kila mmoja ananakili alizopewa kwenye karatasi safi, ili mwandiko usimtoboe mwenyewe. Karatasi zinazunguka meza, unasoma kimya, unachagua zilizokugusa. Halafu msomaji anasoma chaguo kwa sauti, na haiku yako ikisomwa ndipo unataja jina lako. Kabla ya hapo bosi, mwalimu na mimi tuko sawa. Nimeona mzee anayeheshimiwa kuliko wote pale akikaa saa nzima bila jina lake kusikika, anakunywa chai yake, anatabasamu.

Nilipeleka hii niliyokuwa naionea fahari:

*Kiti cha tramu —*
*petali yasafiri*
*bila nauli.*

Hakuna aliyeichagua. Bibi aliyekaa kando yangu akaninong'oneza: "Petali haijui nauli." Akaendelea kumenya chungwa. Ile ya paka, ambayo niliiandika kwa dakika mbili, ndiyo ilisomwa.

#10 Kusi na Kaskazi

Nawasoma kutoka Tanga. Dada, yote sawa, lakini sisi huku machipuko tutayatoa wapi? Mwezi wa tatu ni joto la kufa mtu, wa nne mvua za masika, barabara tope. Nikiandika sakura nitakuwa mwongo.

#11 Mleta uzi

Usiandike sakura, mkuu! Nakuomba. Sakura waachie wa huku, na hata huku imechokwa: katika haiku ukisema "ua" tu, bila kutaja la mti gani, inaeleweka ni sakura. Idara yao ya hali ya hewa ina mti maalumu Tokyo, kwenye hekalu la Yasukuni. Yakifunguka maua matano au sita ofisa anatangaza kuwa yameanza, na televisheni zipo pale zinasubiri. Nchi nzima inangoja maua sita.

Machipuko ni yao. Sioni haja ya kuyahamishia Tanga kwa nguvu. Lakini wewe jina lako tu ni saijiki: kusi na kaskazi. Wavuvi wa kwenu wanajua upepo upi unafunga bahari na upi unaleta samaki gani, bamvua lini na maji mafu lini. Kinachokosekana ni mtu wa kulipa deni jioni. Toka, uone kitu kimoja kinachotokea wakati huu na hakitokei Desemba, ulete hapa.

#12 Kando ya Rhine

Nimerudi mtaani kama ulivyosema, dada. Nikaacha kuangalia juu.

*Wageni wengi —*
*bibi chini ya mti*
*afagia tu.*

#13 Mleta uzi

Aisee! Ile "tu" ya mwisho ndiyo shairi lote. Hii ningeichagua kwenye kukai bila kujua ni ya nani.

#14 Mzee wa Vina

Hii ya bibi nimeipenda, nakiri. Ningependa pia kujua anafagia kwa kinyongo au kwa mazoea.

#15 Kando ya Rhine

Mzee, hata mimi sijui. Alinitazama tu akaendelea.

#16 Kusi na Kaskazi

Haya, deni langu. Hapa upepo umegeuka, vyombo vidogo vingine vimepandishwa, wenyewe wanapaka mafuta na kucheza bao.

*Kusi laanza —*
*ngalawani, mchana,*
*kuku kataga.*

#17 Kijiwe cha Kahawa

Hahahaha! Kuku kapata nyumba ya bure.

#18 Mleta uzi

Mkuu, umeona ulivyofanya? Hujasema bahari imechafuka, hujasema hakuna kazi. Umesema kuku kataga, na mimi huku nimeona ngalawa imekaa juu siku nyingi mpaka kuku kaizoea.

Na kwa kuwa mzee wetu analilia malumbano: nimesema juu kwamba mistari hii ilizaliwa ndani ya tungo za kupokezana. Mmoja anatoa 5-7-5, mwingine anajibu kwa mistari miwili ya mizani saba saba, wa tatu anarudi na 5-7-5, na kuendelea. Si ushairi wa kujifungia chumbani. Nani anaijibu ya kuku? Saba, saba.

#19 Mzee wa Vina

Kujibizana hamnifundishi, hiyo kazi tuliianza kabla ya intaneti.

*Mwenye chombo adai*
*yai ni kodi yake.*

#20 Kijiwe cha Kahawa

Mzee kaua!

#21 Mleta uzi

Na mizani nimehesabu, saba saba. Vina hamna, mzee, nimenyamaza.

Sasa anayefuata: 5-7-5, iungane na ya mzee lakini isirudi kwenye ngalawa wala kuku, maana kanuni ya kupokezana ni kwamba ubeti wa tatu uachane na wa kwanza. Mna mwenye chombo, mna yai, mna kodi. Wa Bonn, unajua mambo ya kodi huko. Zamu yako.